Maji Yajapo na Yarudipo: Mji wa Uvira na Kumbukumbu ya Ziwa Tanganyika, 1858–2024

Mwishoni mwa mwezi wa Aprili 1858, Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walifika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji. Wakati huo Uvira ilikuwa kituo cha mwisho cha wafanyabiashara wa pembe na watumwa upande wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika. Wageni hao walikuwa na swali moja kubwa: je, mto Rusizi unatoka ziwani kwenda kaskazini, au unatoka kaskazini na kuingia ziwani? Kama ungekuwa unatoka, huenda ungekuwa ndio chanzo cha mto Nili. Wana watatu wa Mwami Maruta, mtawala wa Uvira, waliwajibu bila kusita kwamba wao wenyewe walikwisha kufika huko, na kwamba mto unaingia. Burton aliyaandika majibu hayo kitabuni mwake. Hata hivyo, miaka michache baadaye, alipokuwa akibishana na Speke juu ya Nili, aliyaweka kando na kudai kwamba maji ya Tanganyika yangeweza kuwa yanaelekea kaskazini. Ilibidi Livingstone na Stanley waende huko Novemba 1871 na kuutazama mkondo kwa macho yao, ndipo wataalamu wa Ulaya walipokubali jambo ambalo wavuvi wa Uvira hawakuwa wamelitilia shaka hata siku moja.

Makala haya yanashughulikia swali linaloulizwa sana siku hizi, yaani mji na wakazi wake wanaweza kufanya nini mbele ya mabadiliko ya tabianchi. Kwa kawaida swali hilo hujibiwa kwa kutazama mbele: makadirio ya joto, makadirio ya mvua, mipango ya mwaka fulani ujao. Kwa mji kama Uvira, jibu la namna hiyo lina pengo. Mji huu umekaa juu ya ardhi ambayo ziwa limekuwa likiifunika na kuiacha, na historia ya kufunika na kuacha huko inajulikana vizuri kiasi cha kutosha kwa mtu anayetaka kuamua mahali pa kujenga nyumba, kisima au shule. Kinachokosekana si maarifa. Kinachokosekana ni mtu wa kuyashika maarifa hayo wakati maji yamerudi nyuma na ardhi imekauka.

Inafaa kusema neno moja juu ya istilahi. Vitabu vya jiografia vya shuleni vilizoea kuandika ‘tabia ya nchi’, kisha maneno hayo yakaunganishwa kuwa tabianchi. Istilahi hiyo ina sifa moja nzuri: hali ya hewa ni mambo ya leo na kesho, lakini tabia hujulikana kwa kuishi na mtu miaka mingi. Ziwa Tanganyika nalo lina tabia.

Ziwa lililopanda na kushuka

Stanley aliporudi Ujiji mwaka 1876, miaka mitano tu baada ya kukutana na Livingstone hapo, alishangaa kuona kwamba miti mitatu iliyokuwa imesimama sokoni mwaka 1871 sasa ilikuwa imesimama majini, hatua nyingi kutoka ufukoni. Mchanga ambao yeye na Livingstone walikuwa wakitembelea asubuhi ulikuwa umezama. Aliposafiri hadi Lukuga, upande wa magharibi, alikuta jambo lililoeleza mengi. Verney Lovett Cameron alikuwa amepita hapo mwaka 1874 na kutangaza kwamba Lukuga ndiyo njia ya maji kutoka ziwani. Stanley aliikuta njia hiyo imezibwa kwa tope na mafunjo, na hakuona mkondo wa maana unaotoka. Akabashiri kwamba ziwa likiendelea kupanda, litakizidi nguvu kizuizi hicho na kufungua njia.

Haikuchukua muda. Edward Hore, baharia aliyetumwa na shirika la wamisionari la London, aliwasili Ujiji mwaka 1878, na alipofika Lukuga mwaka uliofuata alikuta maji yakitoka kwa kasi kubwa. Kizuizi kilikuwa kimevunjika. Katika miaka kumi na mitano hivi iliyofuata, hadi karibu mwaka 1894, uso wa ziwa ulishuka kwa takriban mita 10. Kwa msomaji ambaye hajafika huko, mita 10 katika ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 650 ni maji yasiyokadirika. Lakini kwa mkazi wa pwani jambo lenye uzito zaidi lilikuwa nchi kavu iliyotokea. Mahali palipokuwa na kina cha kutosha mtumbwi pakawa shamba, kisha uwanja, kisha kiwanja chenye hati.

Ziwa hili hupoteza sehemu kubwa kabisa ya maji yake kwa mvuke unaopaa juani. Lukuga huchukua sehemu ndogo tu. Kwa hiyo uso wa ziwa ni kama mizani kati ya mvua na jua. Katika mwaka wa kawaida maji hupanda na kushuka kwa chini kidogo ya mita moja, yakifikia kilele mwezi wa Aprili au Mei, mwishoni mwa mvua, na kupungua kabisa Oktoba au Novemba. Misimu michache ya mvua nyingi ikifuatana, mizani huinama, na haiinuki upesi, kwa sababu mlango wa kutokea ni mwembamba. Jambo hili ni la msingi katika kuielewa Uvira. Mafuriko ya mto huja usiku mmoja na kuondoka. Ziwa likiingia nyumbani, linaweza kukaa humo kwa miezi, hata miaka.

Mji katika karne ya maji machache

Uvira imebanwa. Upande wa magharibi, milima ya Mitumba inasimama wima hadi karibu mita 3,000; upande wa mashariki kuna ziwa; kati yake kuna ukanda mwembamba wa nchi tambarare unaokatwa na mito mifupi yenye hasira, kama Kavimvira, Mulongwe na Kalimabenge. Wavira walikuwa na makao mlimani na pwani pia, wakiunganisha mashamba ya mteremkoni na uvuvi. Utawala wa Wabelgiji, kama ilivyokuwa desturi ya watawala waliotaka bandari, barabara na ofisi karibu karibu, uliuvuta mji chini. Bandari ilijengwa Kalundu, na barabara ya kwenda Bukavu upande mmoja na Baraka upande mwingine ikafuata ufuko. Yote hayo yalifanywa katika kipindi ambacho ziwa lilikuwa chini, kwa hiyo ramani za wakoloni zilichora mstari wa maji wa miaka ile kana kwamba ni mpaka wa kudumu.

Onyo la kwanza lilikuja wakati wa uhuru. Mvua za mwishoni mwa mwaka 1961 zilikuwa za ajabu katika Afrika ya Mashariki nzima. Ziwa Viktoria lilipanda zaidi ya mita 2, na Tanganyika likaendelea kupanda hadi Mei 1964, lilipofikia mita 777 hivi juu ya usawa wa bahari. Albertville, ambayo leo ni Kalemie, pamoja na Bujumbura na Kigoma, zilipata hasara bandarini na katika mitaa ya chini. Hata hivyo, mwaka 1964 Uvira ilikuwa na shughuli nyingine. Uasi ulioanzia katika bonde la Rusizi na milima ya Wafuliiru ulikuwa umeuteka mji, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kupigilia vigingi kuonyesha maji yalipofika. Baadaye ziwa likashuka tena, polepole, kwa miaka mingi.

Ndipo watu walipoongezeka. Wakimbizi wa Burundi walikuja mwaka 1972 na tena 1993. Wa Rwanda walifuata mwaka 1994, wakajaza kambi za bondeni. Na Oktoba 1996 vita vilivyomwondoa Mobutu viliufikia mji wenyewe. Katika vita vya miaka iliyofuata, wakulima wa milimani waliokimbia vijiji vyao walishuka mjini, na mahali palipokuwa wazi palikuwa pawili tu: kando ya mito na kando ya ziwa. Haingekuwa haki kumlaumu mtu wa namna hiyo kwa kujenga mahali pa hatari. Alipima hatari mbili, akachagua ile iliyokuwa mbali zaidi. Lawama, ikiwa ipo, ni ya aliyempimia kiwanja akijua, au aliyepaswa kujua.

Hapa kuna tatizo linaloonekana dogo. Kanuni za kukataza ujenzi ukingoni hupima umbali kutoka kwenye mstari wa maji. Mstari upi? Wa Oktoba au wa Mei? Wa 1950, wa 1964, au wa 2024? Mpimaji akienda na kamba yake wakati wa kiangazi, katika mwaka wa maji machache, anaweza kutoa kiwanja halali kabisa ndani ya ziwa.

Ziwa lilirudi kuanzia mwaka 2020, baada ya mvua kubwa za mwisho wa 2019, ambazo wataalamu wanazihusisha na kupata joto kwa upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, kama ilivyokuwa mwaka 1961. Mwaka 2021 mitaa ya pwani ya Uvira ilifurikwa, na ng’ambo ya mpaka Gatumba ikapoteza maelfu ya nyumba kwa maji ya Rusizi na ya ziwa. Mwaka 2024 ziwa lilifikia kiwango cha 1964 na hata kukipita kidogo. Bandari ya Kalundu ilizama kwa sehemu kubwa, barabara kuu ikakatika mahali kadhaa, na watu wakawa wanaingia nyumbani kwao kwa mtumbwi.

Je, hayo ni mabadiliko ya tabianchi? Swali linastahili jibu la uangalifu. Ziwa lilipopanda kabla ya 1878, moshi wa viwanda duniani ulikuwa haujafikia kiasi cha kuligusa. Kupanda na kushuka ni tabia yake ya zamani. Kilicho kipya ni mambo mawili. La kwanza, hewa yenye joto hubeba maji mengi zaidi, kwa hiyo mvua kali zinatarajiwa kuwa kali zaidi, na miaka kama 1961 na 2019 haitarajiwi kubaki nadra kama ilivyokuwa. La pili liko ndani ya ziwa. Tafiti mbili zilizotolewa mwaka 2003 zilionyesha kwamba maji ya Tanganyika yamepata joto tangu mwanzoni mwa karne ya ishirini. Maji ya juu yakiwa moto hayachanganyiki kwa urahisi na yale baridi ya chini yenye rutuba, hivyo chakula cha samaki hupungua. Ndagala na mukeke wanaoliwa Uvira, ambao Kigoma huitwa dagaa na migebuka, wanaathirika kwa joto hilo pamoja na wingi wa nyavu. Mkazi wa Uvira, ambaye mchango wake katika moshi wa dunia haufai hata kutajwa, analipa kwa nyumba na kwa mboga pia.

Usiku wa Aprili 2020

Maafa makubwa zaidi, hata hivyo, hayakutoka ziwani. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mvua ilinyesha milimani kwa saa nyingi, na Mulongwe ukatoka kwenye mkondo wake. Maji yalishuka na mawe makubwa, magogo na matope, yakapita katikati ya mitaa. Makumi ya watu walifariki. Maelfu ya nyumba yalibomoka. Watu wapatao 80,000 waliathirika katika mji na vitongoji vyake. Madaraja yalikwenda na maji, na mitambo ya Regideso, inayochota maji ya mji kutoka Mulongwe huo huo, iliharibika. Mji uliojaa maji ukawa hauna maji ya kunywa.

Mto mfupi wa mlimani hautoi nafasi ya kukimbia. Kutoka miteremko ya juu hadi ziwani ni kilomita chache tu, na mvua inayonyesha juu hufika chini kabla habari haijafika. Kwa hiyo kazi ya kuuokoa mji huanza mlimani. Mteremko wenye miti na nyasi hunywa mvua na kuitoa polepole. Mteremko uliolimwa hadi ukingoni mwa mto, au uliokatwa miti kwa ajili ya makaa, huiachia yote kwa mara moja, pamoja na udongo wake. Udongo huo hujaza mkondo chini, mkondo hupanda juu ya mitaa, na mvua inayofuata hutoka nje kwa urahisi zaidi.

Ni rahisi kusema kwamba wakazi wapande miti. Ni vigumu zaidi kusema watapika kwa nini wakati miti inakua. Uvira hupika kwa makaa na kuni, na umeme ukiwapo huwa wa vipindi. Mbabula iliyofunikwa vizuri kwa udongo hupunguza makaa yanayotumika, na hilo ni jambo ambalo mama mwenye nyumba anaweza kulifanya bila kungoja amri ya serikali. Lakini mlima una wenyewe. Wanaolima na kuchoma makaa juu ni watu wa vijiji vya Wavira na Wafuliiru ambao mji unawahitaji kwa mihogo, maharage na makaa hayo hayo. Mji hauwezi kuwaamuru. Unaweza kupatana nao, na patano la kweli lina malipo ndani yake. Miti iliyopandwa kwa sherehe bila patano hilo, kama inavyojulikana katika milima mingi ya Kivu, huishia kuliwa na mbuzi.

Chini mjini kuna kazi ya mikono ambayo wakazi waliizoea tangu zama za Mobutu chini ya jina la salongo: kuzibua mifereji, kutoa mawe mkondoni, kuondoa takataka. Jina hilo liliingia kama amri ya dola, na wengi walilichukia. Hata hivyo lilibaki baada ya dola iliyolileta kuanguka. Mawe yanayotolewa mtoni hutiwa katika gabioni, yaani makapu ya waya yanayopangwa kuwa ukuta wa kingo. Kuta hizo husaidia, mradi ziwe na mtu wa kuzikarabati. Pasipokuwa naye, waya hukatika kwa kutu na mawe yakarudi mtoni kuwa silaha.

Mkoa wote wa Kivu ya Kusini uko katika hatari hii. Mei 2023, huko Kalehe kando ya Ziwa Kivu, mvua ya siku moja iliporomosha milima juu ya Bushushu na Nyamukubi na kuua mamia ya watu, wengi wao wakiwa sokoni. Kati ya Uvira 2020 na Kalehe 2023 kulikuwa na miaka mitatu ya kujifunza.

Bomba

Kuhusu maji ya kunywa, Uvira ina ushahidi ambao miji mingi mikubwa zaidi haina. Kipindupindu kimekaa katika ufuko huu tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliofanywa na watafiti wa London kwa kutumia rekodi za kituo cha tiba na za Regideso za mwaka 2009 hadi 2014, ulilinganisha siku ambazo bomba lilitoa maji na siku ambazo halikutoa. Baada ya siku isiyo na maji kabisa, wagonjwa wanaodhaniwa kuwa na kipindupindu waliongezeka kwa asilimia 155 katika siku 12 zilizofuata, wakilinganishwa na siku ambazo mitambo ilifanya kazi ipasavyo. Sababu si ngumu kuiona: bomba likikauka, ndoo huenda ziwani au mtoni.

Matokeo hayo yanageuza namna ya kupanga mambo. Bomba huhesabiwa kuwa maendeleo ya kawaida, na ukuta wa mto kuwa kinga ya tabianchi. Uvira hazitenganishiki. Ziwa linapoingia vyooni, na mto unapovunja mtambo, anayekufa wiki mbili baadaye kwa kuhara ni mtu wa gharika ile ile, ingawa hakuna anayemhesabu humo. Ndiyo sababu kazi ya kupanua mabomba na matangi ya mji, iliyogharamiwa na wafadhili wa Ulaya, na chanjo ya kipindupindu iliyotolewa kwa wakazi mwaka 2020 baada ya Mulongwe, zina haki ya kuitwa kinga ya tabianchi kuliko mabango mengi yenye jina hilo.

Lukuga tena

Kuna mambo yaliyo nje ya uwezo wa mji mmoja. Mlango wa ziwa uko Kalemie, mbali kusini, na nchi nne zinaugawana uso wa ziwa. Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilitia sahihi mkataba Dar es Salaam mwaka 2003, na kutokana nao ikaundwa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao Bujumbura. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, malalamiko yaliyosikika Kigoma yalikuwa kwamba ziwa linashuka, meli zinashindwa kutia nanga, na kizuizi cha Lukuga kijengwe upya ili maji yasipotee. Miaka kumi baadaye, mitaa ya Kalundu na Bujumbura ilikuwa ikitamani mlango huo huo upanuliwe. Madai yote mawili yalitolewa kwa nia njema, na kila moja lilitazama misimu michache tu iliyopita.

Lugha ya pwani ya bahari ina maneno mazuri kwa mambo haya: maji hujaa, maji hupwa. Katika sehemu kadhaa za Kongo neno kipwa, ambalo baharini ni mahali panapoonekana maji yakipwa, limekuwa jina la majira ya ukame. Mabaharia hujua kwamba kipwa hakijengwi nyumba, kwa sababu bahari hurudi baada ya saa sita. Ziwa Tanganyika huchukua miaka arobaini au sitini, muda unaotosha baba kufa, mwana kurithi kiwanja, na mjukuu kukiuza.

Uvira ina kituo cha utafiti wa viumbe na maji ya ziwa, kilichoanzishwa na Wabelgiji baada ya Vita Kuu ya Pili, ambacho watafiti wa Kongo wamekiendesha katika vipindi vya vita na vya mishahara isiyolipwa. Vipimo vya maji vipo. Kwa bandari za Kigoma, Kalemie na Bujumbura viko vya miongo mingi. Hakuna gharama kubwa katika kuvichukua vipimo hivyo na kuviandika ukutani: alama ya Mei 1964 na alama ya 2024 juu ya kila shule, kanisa, msikiti na ofisi ya mtaa kuanzia Kavimvira hadi Kalundu, na kuagiza kwamba hati yoyote ya kiwanja ipimwe kutoka alama hiyo, hata kama siku ya kupima maji yako mbali. Ugumu uko kwa walioko chini ya alama tayari. Maji yalipopungua baada ya Mei 2024, baadhi ya wenye nyumba walirudi, wakafagia mchanga, wakapaka kuta chokaa. Walikuwa na hati, na hakuna ofisi iliyokuwa imewaonyesha kiwanja kingine.